Je, Wajua? Albamu ya Nyota Wengi Mbele ya Wahakiki

Je, wajua kwamba albamu mbili zilizoongoza chati ya Billboard 200 nchini Marekani Desemba 2010 zilitoka siku moja, na kwamba mwenye albamu ya pili alikuwa mgeni ndani ya ile ya kwanza? Ilikuwa tarehe 22 Novemba. Kanye West alitoa My Beautiful Dark Twisted Fantasy, ikauza nakala 496,000 katika wiki yake ya kwanza. Nicki Minaj naye akatoa Pink Friday, albamu yake ya kwanza ya studio, ikauza 375,000.

Ngoma iliyowakutanisha inaitwa "Monster". Humo wamo pia Jay-Z, Rick Ross na Justin Vernon wa kundi la Bon Iver, na kati ya marapa wote Nicki ndiye anayechana mwisho. Msikilize anavyoingia. Mara anatoa sauti ya kisichana, nyororo, ya mtu anayedeka. Mara sauti inashuka kooni na kunguruma. Inapanda tena, inashuka tena, mistari inazidi kasi, mpaka anamaliza kwa ukelele. Ni mtu mmoja kwenye kinasa sauti, lakini unasikia wahusika wawili watatu wakigombea nafasi. Wahakiki wengi walioiandika albamu hii waliutaja ubeti huo kuwa kilele cha wimbo. Binti ambaye hakuwa na albamu hata moja sokoni wakati anarekodi alikuwa amewafunika wakongwe, tena nyumbani kwao.

Kanye mwenyewe alikuja kukiri kwamba aliwahi kufikiria kuuondoa ubeti ule, kwa kuwa aliona mgeni atamfunika mwenyeji. Akauacha. Kwangu mimi, hapo ndipo ubora wa albamu nzima ulipoamuliwa. Kualika nyota si kazi, simu na pesa zinatosha. Kazi ni kumwachia mgeni ang'are na bado nyumba ibaki yako.

Je, wajua kwamba albamu hii ilizaliwa katika aibu? Tarehe 13 Septemba 2009, kwenye tuzo za video za MTV jijini New York, Kanye alipanda jukwaani, akamnyang'anya Taylor Swift kipaza sauti na kutangaza kwamba aliyestahili ni Beyoncé. Lawama zilimwangukia kutoka kila upande, na hata Rais Barack Obama alinaswa akimtaja kwa neno la dharau. Ziara aliyopanga kufanya na Lady Gaga ikafutwa. Kanye akaondoka Marekani bara, akakaa Japani, akakaa Roma, kisha akatua Honolulu katika visiwa vya Hawaii.

Huko aliweka kambi katika studio za Avex, akashika vyumba kadhaa kwa wakati mmoja, saa 24. Akichoka na wimbo mmoja alihamia chumba cha pili kwenye wimbo mwingine. Asubuhi kundi lote lilikwenda kucheza mpira wa kikapu, likala, likarudi kazini. Ukutani yalibandikwa makaratasi yenye masharti, na mojawapo lilikataza kabisa kutuma chochote Twitter. Tunayajua haya kwa sababu mhariri wa jarida la Complex, Noah Callahan-Bever, alialikwa kambini na akaandika alichokiona.

Waliopita humo ni orodha ya kumtoa mtu jasho: RZA, Raekwon, Q-Tip, Pete Rock, DJ Premier, No I.D., Jeff Bhasker, Mike Dean, Kid Cudi, Pusha T, Rick Ross, Nicki Minaj, Justin Vernon. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwa orodha ile mtu angetarajia chombo kizame bandarini. Ila humo ndani nahodha alikuwa mmoja. Kila mtu aliulizwa maoni juu ya kila wimbo, hata usiomhusu, na mwenye kauli ya mwisho hakubadilika.

Unataka ushahidi? DJ Premier, mmoja wa wapishi wa biti wanaoheshimiwa kuliko wote katika historia ya hip hop, alifanya kazi katika mradi ule na hakuna biti yake hata moja iliyoingia. Biti ya Pete Rock iliwekwa pembeni na ikatokea mwaka uliofuata kwenye albamu nyingine kabisa, Watch the Throne. Watu wa hadhi hiyo, na bado kazi yao ikaambiwa isubiri.

Wajua Pusha T aliandika ubeti wake wa "Runaway" mara ngapi? Mwenyewe amesimulia kwamba Kanye alimrudisha kwenye karatasi tena na tena, akimtaka awe mtu mbaya zaidi, mwanamume asiye na haya. Pusha wakati huo alikuwa na matatizo yake ya mapenzi na hakuwa na moyo wa kujigamba. Akalazimishwa kuuvaa uhusika. Matokeo yake, katika wimbo ambao mwenyeji anajisuta kwa kasoro zake, anaingia mgeni asiyejuta chochote, na wimbo unapata watu wawili wa kupingana.

"Runaway" inahitaji kukaliwa kidogo. Inaanza kwa noti moja ya piano, ya juu, inapigwa peke yake, tena, tena, tena, hakuna ngoma wala besi. Unafika mahali unadhani kifaa kimekwama. Ndipo noti inashuka, mdundo unaanguka, na wimbo unakwenda zaidi ya dakika 9. Dakika za mwisho Kanye haimbi maneno. Sauti yake imepitishwa kwenye mtambo hadi ikawa kama gitaa linalolia, na huwezi kushika silabi hata moja. Mhakiki aliyezoea kupima rapa kwa mistari yake hapo alikosa cha kupimia, na wengi waliandika kwamba ndipo Kanye aliposema mengi zaidi. Nakubaliana nao. Wimbo huo aliutambulisha Septemba 2010 kwenye tuzo zilezile za MTV, mwaka mmoja baada ya kuvurunda, akiwa amevaa suti nyekundu na mbele yake mashine ya kutengenezea midundo.

Je, wajua kwamba kwa wiki kadhaa kabla ya albamu kutoka, Kanye alikuwa akigawa nyimbo bure kila Ijumaa? Mpango ule aliuita G.O.O.D. Fridays, na ulianza Agosti 2010. Baadhi ya nyimbo hizo ndizo zilizoingia kwenye albamu, lakini si kama zilivyokuwa. "Devil in a New Dress" ilitoka bure bila Rick Ross. Kwenye albamu ikarefushwa, Mike Dean akapiga gitaa, na gitaa likamfungulia Ross mlango. Ukisikiliza matoleo mawili moja baada ya jingine utaelewa maana ya kumweka mgeni mahali pake: ametengenezewa sebule ndipo akaitwa.

Je, wajua ni sauti ngapi zimo katika "All of the Lights"? Zaidi ya kumi. Rihanna anashika kiitikio, na nyuma yake wako Kid Cudi, Fergie, Alicia Keys, John Legend, The-Dream, Charlie Wilson, Ryan Leslie, Elly Jackson wa La Roux, Drake, Tony Williams, na Sir Elton John. Nyingi kati ya sauti hizi huwezi kuzitambua hata ukiweka spika sikioni. Zimepangwa juu kwa juu, zikawa kwaya.

Hapo wahakiki waligawanyika. Wapo walioona ni kufuru, kumleta Elton John na kumfunika kwa tarumbeta. Wapo walioona ndiyo busara yenyewe, kwamba wimbo unaosimulia mtu aliyetoka jela akitaka kumwona mwanawe umepewa kelele za dunia nzima kumzunguka. Mimi niko na hao wa pili. Jina kubwa likiimba kwa sauti yake yote kila mahali, albamu inakuwa gwaride la watu wakubwa. Likikubali kuwa uzi mmoja katika kitambaa, kunakuwa na muziki.

Sasa tuje kwenye kalamu zenyewe.

Je, wajua kwamba Pitchfork, chombo cha uhakiki kilichoogopwa na wanamuziki wengi kwa ubahili wake wa alama, kiliipa albamu hii 10.0 kamili? Pitchfork hupima kwa desimali, kuanzia 0.0. Tofauti ya 8.3 na 8.6 ilitosha kuwafanya mashabiki wabishane usiku kucha. Mara ya mwisho kabla ya hapo kwa albamu mpya kupata 10.0 ilikuwa mwaka 2002, kwa kundi la roki la Wilco. Baada ya Kanye, ilibidi kungoja hadi 2020, alipoipata Fiona Apple. Mwandishi wa uhakiki ule wa 2010 ni Ryan Dombal.

Rolling Stone lilitoa nyota 5 kati ya 5, kwa kalamu ya Rob Sheffield. Robert Christgau, aliyekuwa akizipa albamu madaraja ya shule tangu miaka ya mwisho ya 1960, akaipa A.

Metacritic ikaipa 94 kati ya 100. Wengi hudhani 94 ni alama aliyoitoa mtu fulani. Hapana. Metacritic huchukua uhakiki wa magazeti na majarida mengi, hubadilisha nyota, herufi na desimali kuwa namba kati ya 0 na 100, kisha hutafuta wastani, na baadhi ya vyombo hupewa uzito kuliko vingine. Kwa hiyo 94 maana yake ni kwamba karibu hakuna aliyeipa alama ya chini. Kukubaliana kwa kiasi hicho ni nadra, hasa kwa mtu ambaye miezi 14 kabla yake alikuwa akizomewa.

Je, wajua kura ya Pazz & Jop ilivyofanya kazi? Gazeti la Village Voice la New York lilikusanya kila mwaka kura za mamia ya wahakiki wa Marekani. Kila mmoja alipewa pointi 100 azigawe kwa albamu 10, hakuna albamu kupata chini ya 5 wala zaidi ya 30. Ni utaratibu mzuri kwa sababu unatofautisha kupenda na kupenda sana: mhakiki anayemwaga pointi 30 mahali pamoja lazima azinyime albamu nyingine. Mwaka 2010 Kanye aliongoza, na ilikuwa mara yake ya tatu, baada ya The College Dropout ya 2004 na Late Registration ya 2005.

Maikrofoni je? Kabla ya nyota na desimali kuutawala uhakiki wa rap, kipimo kilichouma kilikuwa cha jarida la The Source, lililoanzishwa mwaka 1988 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard likiwa karatasi ya habari tu. Lilipima albamu kwa maikrofoni, na maikrofoni 5 zilikuwa heshima ambayo rapa aliitaja hadi uzeeni. XXL, lililokuja mwaka 1997, lilichagua kupima kwa saizi za nguo, kutoka S hadi XXL.

Illmatic ya Nas, iliyotoka Aprili 1994, ilipewa maikrofoni 5 na The Source kupitia kwa mwandishi kijana Minya Oh, katika kipindi ambacho ofisi ile ilikuwa imejiwekea desturi ya kutotoa 5 kwa albamu mpya. Ilibidi wabishane kwanza. Na tazama wageni wake: rapa mmoja tu, AZ. Lakini geuza kasha usome watayarishaji, utakuta DJ Premier, Pete Rock, Q-Tip, Large Professor na L.E.S. Siku zile albamu ya rap mara nyingi ilipikwa na mtu mmoja au kundi moja. Nas aliwakusanya wapishi watano wa daraja la juu, na babake, Olu Dara, akapuliza tarumbeta. Nyota walikuwepo, ila walikaa nyuma ya mitambo. Anayesema albamu za zamani hazikuwa na kolabo hajasoma majina ya maandishi madogo.

Kwa kuwa tumetaja maandishi madogo: msanii aliyesaini lebo moja hawezi kuonekana kwenye albamu ya lebo nyingine bila ruhusa, na ndiyo sababu vijitabu vya albamu hujaa shukrani kwa kampuni za watu wengine. Albamu yenye wageni 15 ina nyuma yake mikataba ya mawakili ambayo msikilizaji haioni.

Je, wajua kwamba 2001 ya Dr. Dre, licha ya jina lake, ilitoka Novemba 1999? Ndani yake wamo Snoop Dogg, Eminem, Nate Dogg, Xzibit, Kurupt, Hittman na Mary J. Blige. Iliuza nakala 516,000 wiki ya kwanza na bado ikashika nafasi ya pili, nyuma ya kundi la Korn. Wahakiki walisifu midundo na kuyalalamikia maneno, hasa jinsi wanawake wanavyosemwa. Mistari ya wimbo "Still D.R.E." uliomo humo aliiandika Jay-Z.

Lalamiko hilohilo la wanawake lilimfuata Kanye. Hata waliompa alama za juu waliandika kwamba wanawake katika albamu yake wengi ni vivuli, wapo ili wapendwe au walaumiwe. Kuna pia sehemu ya mchekeshaji Chris Rock mwishoni mwa "Blame Game", dakika kadhaa za utani wa kitandani baada ya wimbo wa huzuni uliojengwa juu ya piano ya Aphex Twin. Wapo waliocheka. Mimi naona inauvunja wimbo uliokuwa umefika mahali pa kuumiza, na sioni kwa nini alama kamili inyamazie hilo. Kumi kamili haimaanishi kwamba mhakiki hana la kulaumu.

Je, wajua kwamba pamoja na sifa zote hizo, albamu hii haikuteuliwa hata kuwania tuzo ya Grammy ya Albamu ya Mwaka? Ilishindanishwa kwenye sherehe ya 12 Februari 2012, kwa sababu msimu wa kuhesabiwa ulianza Oktoba 2010 na kuishia Septemba 2011. Walioteuliwa walikuwa Adele, Foo Fighters, Lady Gaga, Bruno Mars na Rihanna. Ndiyo, Rihanna, mgeni wa "All of the Lights", alikuwemo kwa albamu yake Loud, na mwenyeji wake hakuwemo. Usiku huohuo Bon Iver wakatwaa tuzo ya Msanii Bora Mpya, wakimshinda, pamoja na wengine, Nicki Minaj. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee wetu. Safari hii walionufaika walikuwa wageni.

Kanye hakutoka mikono mitupu: alipata Albamu Bora ya Rap, na "All of the Lights" ikapata tuzo mbili za upande wa rap. Hilo ndilo lililowauma wengi wetu. Rap ilipewa chumba chake na kuombwa isitoke. Tangu Grammy zianze mwaka 1959 hadi usiku ule, albamu zilizobeba rap kwa uzito na kushinda tuzo kubwa zilikuwa mbili, ya Lauryn Hill mwaka 1999 na ya OutKast mwaka 2004.

Watch the Throne ya Agosti 2011, ya Jay-Z na Kanye pamoja, iliangukia ndani ya msimu huohuo wa Grammy. Ilikuwa na Beyoncé, ilikuwa na Frank Ocean, na waandishi waliitwa kuisikiliza katika ukumbi wa kutazamia sayari jijini New York, ili isivuje. Metacritic: 76. Wanaume wawili wakubwa kuliko wote katika kazi yao, wakongwe wa kushirikiana, na bado pengo la alama 18 likabaki kati yake na ile ya mwaka uliotangulia. Wahakiki wengi waliona albamu inayozungumza mno kuhusu mali. Mimi huipenda kuliko alama zake, lakini naelewa: ndani yake hakuna aliyemrudisha mwenzake kwenye karatasi.

Na hili la DJ Khaled? Albamu zake ni wageni watupu, na wahakiki huwa hawamwachi salama. God Did ya 2022 ilipokewa kwa ubaridi, lakini wimbo wenye jina la albamu ukateuliwa kuwania Wimbo wa Mwaka wa Grammy, sababu kubwa ikiwa ubeti wa Jay-Z unaokwenda takribani dakika 4 bila kupumzika. Watu walizungumzia ubeti, wakasahau albamu.

Travis Scott alifanya kinyume. Astroworld ya Agosti 2018 ilipotoka, orodha ya nyimbo haikutaja mgeni hata mmoja. Drake, The Weeknd, Frank Ocean, James Blake, wote humo, na katika "Stop Trying to Be God" Stevie Wonder anapuliza harmonika. Msikilizaji alilazimika kusikiliza kwa makini kwanza ili ajue ni nani. Wahakiki wakajikuta wanaandika kuhusu sauti kabla ya majina. Ningependa wasanii wengi zaidi wajaribu hivyo, ingawa biashara inavuta upande wa pili: kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni, wimbo uliotaja jina la mgeni hutokea pia kwenye ukurasa wa mgeni huyo.

Na albamu ya rap yenye wageni wakubwa imewahi kuheshimiwa hata nje ya ulimwengu wa rap: Damn ya Kendrick Lamar, yenye Rihanna na U2 ndani, ilipata Tuzo ya Pulitzer ya Muziki mwaka 2018, ya kwanza kwenda nje ya muziki wa klasiki na jazi.

Je, wajua alama za wahakiki huweza kukua zikiwa kabatini? Rolling Stone lilipofanyia marekebisho orodha yake ya albamu 500 bora za wakati wote mwaka 2012, My Beautiful Dark Twisted Fantasy iliwekwa nafasi ya 353. Mwaka 2020 orodha ikapigiwa kura upya na mamia ya wasanii, watayarishaji na wahakiki, ikapanda hadi ya 17. Juu yake kwa upande wa rap zilibaki mbili: Public Enemy nafasi ya 15 na Lauryn Hill nafasi ya 10.

Aliyepoa kuhusu albamu hii ni mwenye albamu. Mwaka 2013 aliliambia gazeti la New York Times kwamba ilikuwa aina ya kuomba radhi, mtu akiwaonyesha watu anachoweza ili wamkubali tena. Ndiyo maana, nadhani, kila kitu ndani yake kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Anayeomba msamaha hachelei kazi.

Je, wajua kwamba wimbo wa mwisho wa albamu hauna sauti mpya kabisa ya rapa? Ni Gil Scott-Heron, mshairi wa Marekani, akihutubia kwa maneno aliyorekodi mwaka 1970. Februari 2010, miezi tisa kabla, Scott-Heron alikuwa ametoa albamu yake I'm New Here, na ndani yake alitumia kipande cha "Flashing Lights" ya Kanye. Mwaka mmoja, wawili hawa wakaazimana. Scott-Heron alifariki Mei 2011, na Kanye akaimba kwenye ibada ya kumkumbuka jijini New York.

Afrika Mashariki nayo imo katika simulizi hii, kwa mlango wa nyuma. Oktoba 2018 Kanye alifika Uganda, akafunga kambi katika hifadhi ya Murchison Falls kurekodi albamu aliyoipa jina Yandhi. Alimtembelea Rais Yoweri Museveni na kumpa jozi ya raba zake zenye saini. Albamu ile haikutoka kamwe. Mwaka uliofuata ilikuja Jesus Is King. Kuondoka mjini na kujifungia mbali na watu kulimzalia matunda Hawaii. Mara hii hakukuwa na wale wa kumpinga chumbani.

Mwaka 2022 alitamka maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi, na kampuni ya Adidas ikavunja mkataba naye mwezi Oktoba. Tangu hapo kila anayeandika kuhusu albamu ya 2010 hukutana na swali la kufanya na mtu huyu. Maoni yangu ni kwamba maneno yale yasitafutiwe udhuru wa kipaji, na albamu isiandikwe upya kana kwamba haikuwa nzuri. Humo ndani kuna kazi ya watu wengi ambao hawakutamka neno lolote kati ya hayo.

Na wajua nani wanachana katika GNX, albamu aliyoitoa Kendrick Lamar bila tangazo Novemba 2024, mwaka ambao angeweza kumwita yeyote duniani? SZA yumo, Roddy Ricch yumo. Waliobaki wengi ni marapa wa mitaa ya Los Angeles ambao nje ya jiji hilo wachache waliwajua: AzChike, Hitta J3, Peysoh, Lefty Gunplay, Wallie the Sensei. Sauti ya kwanza kabisa kusikika ni ya Deyra Barrera, mwimbaji wa mariachi wa asili ya Meksiko. Mwishoni mwa Oktoba alikuwa ameimba uwanjani kwenye fainali za besiboli za timu ya Dodgers, kumuenzi mchezaji Fernando Valenzuela. Kabla mwezi mmoja haujapita, alikuwa anafungua albamu iliyoshika namba moja Marekani.